Abakosti Isiyo na Pamba

Abakosti ya kwanza ya Sitwayeni Ngosa niliishona kwa jicho moja. La pili lilikuwa limevimba, na waliolivimbisha ni vijana wake.

Miaka ile ya Zaïre tai ilikuwa marufuku. Mtu aliyetaka kuonekana mtu mbele ya ofisi alivaa abakosti, koti linalofungwa vifungo mpaka shingoni, bila shati la kizungu ndani. Hata neno "Bwana" lilikuwa kosa. Tuliitana sitwayeni, mkubwa na mdogo, na mkubwa akabaki mkubwa vilevile. Mama yangu alinibatiza Constantin. Ofisi ikalifuta jina lile la kizungu ikaniandika Mukuka, jina la babu. Babu yangu alikuwa mtu mwema, hakustahili kugeuzwa adhabu. Mtaani kwetu Kamalondo watu waliendelea kuniita Fundi Constantin, kwa sauti ya chini. Ngosa, mwenyekiti wa kiini cha chama, ndiye peke yake aliyeniita Mukuka, na alilitamka kama anayepiga muhuri.

Kosa langu lilikuwa mdomo. Kila Jumamosi tulitolewa kwenda salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo ambayo chama kiliiita upendo wa nchi. Tulichimba mifereji kando ya nyumba za wakubwa, upande wa Karavia. Mfereji unaopita mbele ya duka langu ulikuwa umeziba tangu siku za Wabelgiji, maji yake ya kijani, mbu wake wanene kama nzi. Siku moja, jembe mkononi, nikasema watu wote wasikie:

"Hii salongo inajua njia ya Karavia tu. Kwetu haifike, inaogopa mbu."

Watu walicheka. Ngosa hakucheka. Jioni ile nililala kwenye chumba cha kufungia watu, jicho likipiga kama ngoma.

Aliyenitoa ni yeye mwenyewe. Msidhani ni huruma. Alisimama nje ya vyuma, amebeba kitambaa kizuri cha buluu chini ya kwapa.

"Mukuka. Banasema unajua kushona."

"Najua."

"Na kunyamaza?"

"Ile sikujifunza."

"Utajifunza leo."

Dukani aliniamuru nifunge mlango na kuvuta pazia. Akavua shati. Hapo nikaelewa kwa nini hakumpelekea kitambaa chake fundi mwenye macho mawili mazima na rafiki wengi. Kifua chake kilikuwa kimeingia ndani, katikati kabisa, kama mtu aliyesukuma ngumi kwenye bukari ya moto, ugali wetu, kisha akaiondoa, shimo likabaki. Mbavu za pembeni zilisimama kama kingo za bakuli. Mtu huyu aliyetutetemesha mtaa mzima alikuwa amekunja mabega mbele yangu kama mwanafunzi anayengoja fimbo.

"Sikukuu ya chama iko karibu," alisema. "Bantu batasimama mbele yangu. Shona."

Nikashona. Niliweka bitana mbili za turubai laini, nikatandaza pamba katikati yake, nene pale penye shimo, nyembamba kuelekea makwapani, nikaishona mistari ili isiteremke tumboni. Ngosa alipovaa, alikuwa na kifua cha askari. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Asante hakusema.

Tangu siku ile nilimshonea abakosti zake zote, na zote zilikula pamba. Siri ile niliitunza kama mtu anavyotunza jiwe mfukoni, akimngoja adui apite peke yake. Nilijua siku yangu itafika: mkutano mkubwa, uwanja umejaa, nami nipande juu ya pipa niwaambie watu kilichomo ndani ya koti la mwenyekiti wao.

Kisha, wakati mmoja wa mvua, Ngosa alipotea. Ilisemekana yuko Kinshasa kwa kazi za chama. Aliporudi alikuwa amekonda, anatembea polepole, wima kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Alileta kitambaa kipya.

"Hii, bila pamba," alisema.

Alikataa kuvua singlendi. Nikapitisha utepe wa kupimia juu yake. Utepe haukuzama. Ulilala sawa toka kwapa hadi kwapa, na kidole changu kilipogusa katikati, alishtuka akauma meno. Nilishangaa, lakini nilikuwa nimeshafundishwa kunyamaza. Nikashona bila pamba, nikabaki na jiwe langu mfukoni nisilojua tena kama bado ni jiwe.

Mwaka uliofuata ndipo Yuma aliingia dukani.

Yuma alikuwa mtoto wa jirani zangu, Asani na Mama Alima, watu wa asili ya Maniema. Asani alifanya kazi kwenye tanuru la kampuni ya shaba, pale penye bomba refu linaloonekana toka kila pembe ya mji. Mama Alima aliuza vikwembe, vitenge vya kujifunga alivyovileta toka Mokambo, mpakani. Kijana alikuwa amemaliza masomo ya ufundi na alitaka abakosti ya kupokelea diploma. Alisimama mbele yangu, akashika vifungo vya shati, hakufungua.

"Baba Constantin, batoto ba masomo banasema weye unajua kuweka pamba ku mabega ya makoti."

"Banasema nini tena?"

"Banasemaka mingi. Miye, jina yangu ku masomo ni Sahani. 'Sahani, leta mboga!'" Alicheka, lakini macho yake hayakuwa kwenye kicheko.

Akavua. Nilikiona tena kile kifua, chenye shimo kubwa kuliko la Ngosa, na kulizunguka shimo, makovu madogo ya mviringo, moja karibu na lingine. Niliyajua. Ni ya mulumiko, pembe ya kuumika: unachanja ngozi kidogo, unaweka pembe, unanyonya hewa, unaziba, pembe inavuta. Mama Alima alikuwa akiuvuta mfupa wa mwanawe utoke nje tangu akiwa mdogo.

Nikamwambia ainue mikono nimpime. Aliinua, akageuka rangi midomoni, akakaa chini kwenye mfuko wa vipande vya nguo, akitafuta hewa.

"Inakupata mara mingi?"

"Kama nabeba ndoo ya mayi. Kama napanda ngazi. Kama nacheka sana." Akapumua. "Sasa sichekake sana."

Nikavingirisha utepe. Hasira ilinipanda, si kwake. Nilikuwa nimeshawajazia watu pamba za kutosha katika nchi ile. Pamba juu ya kifua, wimbo juu ya njaa, rangi ya kijani juu ya kuta zilizopasuka. "Pamba nitaweka," nikamwambia, "lakini pamba haisaidie kupumua. Vaa shati. Twende ku hopitali."

Asani alikuwa zamu ya tanuru, akaniomba nimpeleke mimi. Kwenye hospitali ya wafanyakazi tulipokelewa na Munganga Chomba, mtu mfupi, mzaliwa wa upande wa Mokambo, aliyesomea upasuaji Ubelgiji na kurudi wakati wengine walikuwa wakibaki huko. Alimsikiliza Yuma mgongoni na mbele, akampiga picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa, akaishika picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Ona. Mufupa wa kifua unasukuma moyo. Moyo umehamia kushoto, kama mupangaji mwenye banafukuza ku nyumba." Akamgeukia Yuma, akagusa makovu ya pembe, hakuyacheka. "Mama yako alikuwa anatafuta kuvuta. Wazo yake haiko mubaya. Lakini huu mufupa umeshakomaa, pembe haiuweze. Kuna namna ingine."

Akatueleza. Angefungua kifua, angekata zile sehemu laini zinazounganisha mbavu na mfupa wa katikati, angeuinua mfupa mahali pake, na chini yake angepitisha kipande cha chuma cha kuushikilia. Chuma kingekaa mpaka mfupa ushike, kisha kingetolewa. Halafu mazoezi: kupuliza, kusimama wima, kutembea, kuogelea akipata pa kuogelea.

"Sihitaji kukulazimisha," alisema. "Kuna bantu benye kifua kama hii banaishi muzuri, banazeeka. Banahitaji mazoezi tu na kuacha haya. Lakini weye, moyo wako unachoka. Kwako, nasema tufanye. Na tufanye upesi. Mvua ikianza nahamishwa Kinshasa, na hapa hakuna mwengine anafanyaka hii."

Yuma alikuwa akitazama picha yake. Nikauliza mimi: "Munganga, uliisha kuifanya?"

"Ubelgiji, ndiyo. Na hapa, moja. Mwenyewe iko mu huu mji. Leo anapiga makelele kushinda treni."

"Nani?"

"Jina yake haiko yangu ya kutoa, Fundi."

Hakuhitaji kulitoa. Nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi, na vidole vyangu vikakumbuka utepe uliolala sawa. Bila pamba. Kazi za chama Kinshasa, kumbe! Ngosa alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali hii, kifua kimefunguliwa.

 Nilidhani sitahitaji kusema kitu, maana Yuma alikuwa anataka na Asani alikuwa anataka. Nilimsahau Mama Alima.

"Hapana," alisema Mama Alima. Alikuwa akikunja vikwembe vyake mezani, kimoja juu ya kingine, kwa nguvu kama anayevipiga. "Ndugu yangu mwenyewe aliingia mule mu hopitali juu ya maumivu ya tumbo. Alitembea na miguu yake. Alitoka mu shuka. Na ile ilikuwa tumbo, haiko kifua! Baba Constantin, mu kifua njo fasi moyo inakaa."

"Mama Alima, munganga ni mutoto wa hapa..."

"Batumbula pia balikuwa batoto ba hapa!" Kila mtu mjini aliwajua batumbula kwa kusimuliwa, wakamata watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona na kila mtu aliwaogopa. "Zamani balivaa taa ku kichwa. Leo banavaa blouse nyeupe ya munganga."

Asani, aliyekuwa ameketi mlangoni bado na vumbi la tanuru kwenye nyusi, alitikisa kichwa. Munganga alitaka baba aweke sahihi. Asani akaniambia mbele ya mkewe: "Fundi, huyu mutoto alitoka mu tumbo yake, haikutoka mu yangu. Kama mama yake anakatala, siweke mukono."

"Basi utamuacha hivi?" nikapaza sauti. Ndiyo, nilipaza. "Akafie ku ngazi?"

Mama Alima akaacha kukunja. Macho yake yalijaa. Hakuwa mjinga yule mama, asije mtu akanisoma hapa akadhani nasema hivyo. Usiku mwingi alikuwa amekaa akisikiliza pumzi ya mwanawe.

"Nionyeshe muntu," alisema. "Mumoja tu. Mwenye balipasua kifua na bado anabeba mufuko wa bunga. Nimuone na macho, nimuguse. Kisha nitamwambia Asani aweke mukono."

Nikarudi dukani. Yuma alinifuata, akasimama karibu na mashine.

"Baba Constantin. Kuna neno moja sikuuliza munganga. Kisha operesheni, muntu anaweza lala tumbo?"

"Juu ya nini unauliza ile?"

"Sijalalaka tumbo. Nikilala tumbo pumzi inakatika. Bandugu yangu bote banalala tumbo, naonaka banalala muzuri."

 Nilimjua mwenye jibu.

Nataka mwelewe ilinigharimu nini kwenda nyumbani kwa Ngosa. Nilikuwa na siri yake, na sasa ilikuwa kubwa maradufu: mwenyekiti aliyetuambia yuko Kinshasa akiitumikia nchi, alikuwa kitandani akishonwa kifua. Ningeweza kumwangusha. Njia nzima mguu mmoja ulikuwa ukiniambia nenda uwanjani, mwingine ukiniambia nenda kwake.

Alikuwa barazani, chini ya picha ya Kiongozi, akinywa chai.

"Sitwayeni Mukuka. Sikukuita."

"Nimekuya miye mwenyewe. Nataka ufungue abakosti yako mbele ya Mama Alima."

Kikombe kilisimama hewani. Nikamweleza yote, kijana, picha ya radio, mvua, neno la mama. Aliweka kikombe chini polepole.

"Uko na wazimu? Nani alikuambia?"

"Hata muntu. Utepe wangu uliniambia."

"Uliambia bantu bangapi?"

"Hata mumoja."

"Weye? Mudomo wako ule? Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nakuwekea," nikamjibu. "Nilikuwa nangoja mukutano mukubwa, nikupige nayo mbele ya bantu bote. Sikudanganye."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia ukweli kwenye baraza lile. "Na leo?"

"Leo nakurudishia. Mutoto wa Asani anaihitaji kunipita. Sikuya kukutisha, Ngosa. Nimekuya kukuomba, na kuomba kunaniuma kushinda ile jicho."

"Mwenye kuongoza bantu," alisema, akisisitiza kila neno, "hawezi kuonekana alipasuliwa kama kuku. Toka."

Nikatoka. Kwenye ngazi nikageuka. "Kijana anauliza neno moja. Kisha operesheni, muntu anaweza lala tumbo? Munganga atamujibu ya bitabu. Yeye anatafuta jibu ya muntu."

 Ngosa alikuwa ameweka mkono kifuani, juu ya vifungo, nadhani bila kujua.

Kesho yake mchana, jua likiwa kichwani, alisimama mlangoni pa duka langu. Mkononi ameshika kifungo.

"Kimetoka," alisema.

Nikakichukua, nikakiangalia. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa wembe, mpya kabisa. Nikavuta pazia. Akakaa kwenye kiti changu, akatazama ukuta.

"Aite," alisema. "Na kijana. Bengine hapana."

Nikavuka barabara. Mama Alima aliingia amejifunika vizuri, Yuma nyuma yake. Alipomwona ni nani, alirudi hatua. "Huyu?"

"Huyu," nikasema.

Ngosa alifungua abakosti. Akavua singlendi. Kifua hakikuwa kizuri kama cha askari wa kwenye mabango, kilikuwa na mawimbi kidogo upande mmoja. Lakini lile shimo halikuwepo. Kovu refu lilikatiza toka titi hadi titi, limeshapoa, linang'aa. Na pembeni ya kovu, makovu madogo ya mviringo.

Mama Alima aliyaona kabla ya kuona kingine chochote.

"Na weye mama yako alikuwa anakulumika?"

"Kila mwezi mupya," akasema Ngosa.

"Ilisaidia?"

Ngosa akafikiri. "Ilimusaidia yeye. Ile siku alikuwa analala usingizi."

Mama Alima akafunika mdomo kwa ncha ya kikwembe chake. Kisha akakizungusha kikwembe kwenye vidole, maana hakutaka kumgusa mwanamume wa watu mkono mtupu, akaupitisha mkono ule uliovikwa juu ya kovu, toka mwanzo hadi mwisho, kama anayechunguza mshono.

"Iliuma?"

"Mama, nilimuita mama yangu, na alishakufa zamani."

Yuma akacheka. Ngosa akamtazama, na hakukasirika. "Weye njo unauliza mambo ya kulala tumbo? Mbele banganga batoe chuma, hapana, usijaribu. Kisha, ndiyo. Siku ya kwanza utaogopa. Utakaa unangoja pumzi ikatike. Haikatike. Kisha utasahau kama kulikuwa shida."

"Kohoa," Mama Alima akaamuru.

Mwenyekiti wa kiini cha chama akakohoa.

"Pumua mingi. Shika. Acha." Alikuwa amesogeza sikio. "Sasa piga kelele."

"Kelele gani, mama?"

"Ile yako! Ile unatupigiaka kila siku. Nisikie kama inatoka mu kifua ao mu shingo."

Ngosa alinigeukia, nami nikageukia mashine, maana nilikuwa nacheka na sikutaka kulala tena ndani. Akavuta pumzi. Kifua kile kilichoshonwa kikapanda, kikajaa, na toka humo kikatoka kile kilio tulichokijua sote: "Zaïre!"

Toka nje, nyumba hadi nyumba, mtaa ukaitikia: "Oyee!"

Tukabaki tumeganda. Kisha tukasikia milango, na vyuma vikigongana. Nikafungua pazia kidogo. Walikuwa wakitoka, wake kwa waume, majembe begani, makoleo, mapanga, mama mmoja na ufagio, wengine bado wanatafuna. Walikuwa wamesikia slogani ya mwenyekiti katikati ya juma, na katika nchi ile slogani isiyotegemewa ilikuwa na maana moja: salongo ya ghafla, na asiyetokea ataandikwa. Walijipanga mbele ya duka langu wakingoja, kandokando ya ule mfereji wa kijani.

"Mukuka," Ngosa alinong'ona, akivaa singlendi kinyume, "bantu banafanya nini pale?"

"Bamekuya ku kazi, Sitwayeni. Ulibaita."

"Sikubaita!"

"Toka ubaambie basi ulikuwa unafanya nini humu ndani na Mama Alima, bila shati."

Alifunga vifungo vyote haraka, isipokuwa kile kimoja nilichokuwa nacho mimi. Akatoka. Nikamsikia akikohoa, akitafuta sauti ya ofisi. Watu walimtazama. Mahali pa kuwapeleka hapakuwepo, gari la kwenda Karavia halikuwepo, kulikuwa na mfereji tu mbele ya viatu vyake, unanuka.

"Basitwayeni," alisema. "Tunaanzia hapa."

Mimi sikuyaamini masikio yangu. Majembe yakaingia kwenye maji ya kijani. Tope likaanza kurushwa juu, na harufu ya miaka yote ile, tangu Wabelgiji, ikapanda. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama na abakosti yake ilikuwa imeachia wazi pale penye kifungo kilichokosekana, Ngosa, nadhani kwa aibu tu, alimpokonya mzee mmoja jembe akaingia mferejini na viatu vyake vya ngozi.

Alichimba. Lazima niseme, ingawa ulimi unakataa: alichimba vizuri. Alinyanyua tope, akarusha, akanyanyua. Mama Alima alikuwa amesimama mlangoni pangu, hatikisiki, anatazama kile kifua kinavyofanya kazi chini ya kitambaa cha buluu. Alitazama mpaka jasho likamtoka Ngosa mgongoni. Alikuwa akingoja kianguke. Hakikuanguka.

"Huu muzigo umezidi mufuko wa bunga," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akaegemeza kichwa kwenye mlango, akalia kama mtu anayetua mzigo ambao hakuna aliyemsaidia kuutua. Yuma akakaa karibu naye.

"Mama, unalia juu ya nini?"

"Nyamaza. Baba yako akitoka ku kazi, umwambie anawe mikono mbele ya kushika kalamu."

Munganga Chomba alimpasua Yuma majani yakiwa bado makavu. Siku ile tulikaa nje ya ukuta wa hospitali, Asani na tasbihi yake, mimi na rozari ya marehemu mama yangu, kila mtu akimsumbua Mungu kwa njia yake. Mama Alima hakukaa. Alitembea. Alipotoka muuguzi mmoja na kusema, "Ameamka, anataka mayi," mama yule alinishika mkono bila kikwembe chochote katikati, akaubana mpaka sindano nilizochomeka kwenye ukingo wa mkono wa shati zikanichoma. Sikuutoa.

Alimletea munganga kikwembe bora kuliko vyote vya Mokambo, kwa ajili ya mkewe. Munganga alisema, "Asante, mama. Sasa mupe huyu chupa." Ilikuwa chupa yenye maji, na mrija. Yuma alipaswa kupuliza, maji yatoe mapovu, asubuhi na jioni, kuyafungua mapafu yaliyozoea kubanwa. Mara ya kwanza yalitoka mapovu mawili na machozi. Kabla ya kutoka hospitali chupa ilikuwa inachemka kama sufuria.

Mara moja, jioni, Ngosa alipita dukani, hakuingia. Akaongea akitazama barabara. "Mwambie, akitaka kukohoa akumbatie muto. Aubane ku kifua. Banganga hawasemake ile." Akaenda zake. Nilipeleka neno. Mama Alima akapeleka mto.

Mvua zikaanza. Munganga Chomba akaondoka Kinshasa. Kabla ya kuondoka alimfundisha mwenzake wa hospitali namna ya kutoa chuma, na wakati ulipofika kilitolewa bila shida, kipande kidogo kuliko nilivyodhani. Yuma alikuja dukani kukionyesha, amekifunga kwenye kitambaa. Alipanda ngazi za mlangoni bila kusimama, akaanza kusema, nikamkatisha: "Rudi chini. Panda tena." Akapanda tena. Nikamwambia apande mara nyingine, na akanicheka, kicheko kirefu, mpaka mwisho.

Mtaani walianza kuja wengine. Hatukuwatangazia, mambo kama hayo yanajitembeza. Binti aliyevaa kikwembe mpaka kooni hata kwenye joto. Mfua vyuma wa Katuba. Wote niliwapima nyuma ya pazia, wote Yuma aliwaonyesha kovu lake na kuwafundisha kupuliza chupa. Wengine walienda kwa yule munganga aliyebaki wakaambiwa hawahitaji kisu, mazoezi tu, wakarudi wanene kwa furaha. Chama kilikataza watu kukutana bila ruhusa. Ngosa alijua kwamba tunakutana dukani kwangu. Hakuuliza tunakutana juu ya nini.

Msidhani tulipatana. Mwaka uleule alituma vijana wake wanipige faini kwa sababu ya neno nililosema juu ya bei ya unga, na faini ile naikumbuka. Ile ya jicho pia naikumbuka. Sikusamehe, na yeye hakuomba. Lakini lile jiwe mfukoni sikuwa nalo tena, na mfuko ulikuwa mwepesi. Na mfereji ulikuwa ukipitisha maji.

Asubuhi moja, duka halijafunguliwa, Mama Alima alinigongea dirisha la nyumbani. Nikatoka na shati mkononi, nikidhani kuna msiba.

"Nini tena?"

Alikuwa amejifunga kikwembe vibaya, kama mtu aliyetoka mbio, na anatabasamu kama msichana. Akaweka kidole mdomoni, ingawa nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara na hakuna aliyeweza kutusikia.

"Kuya uone," alinong'ona. "Pole pole. Usimuamushe. Amelala tumbo."